Falls Church, mji usio na kaunti
Jumapili tulikwenda kula supu ya tambi Eden Center, lile soko la Wavietinamu hapa Falls Church, Virginia. Jamani, kumbe mji wenyewe ni kilomita za mraba 5 na kidogo tu, umebanwa katikati ya kaunti za Fairfax na Arlington! Tangu 1948 hauko chini ya kaunti yoyote. Una polisi wake na shule zake. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14,658. Jina limetokana na kanisa la matofali la 1769, na jengo bado limesimama. Kilichonichekesha: stesheni mbili za treni zinazobeba jina la mji, ya Mashariki na ya Magharibi, zote ziko nje ya mpaka wake.