Nilivyokusanya picha za harusi moja kutoka simu za kila aina

Jamani naomba tuache kuambiana "tumeni tu kwenye grupu la WhatsApp". Huo ushauri umeshaua picha za harusi nyingi, na za mdogo wangu zilinusurika kidogo tu. WhatsApp ni nzuri kwa kuonyeshana leo leo, basi. Picha ikipita pale inakamuliwa, hata hiyo HD iliyokuja 2023 bado inapunguza, halafu ile taarifa ya siku na saa picha ilipopigwa inapotea. Kuna watakaokwambia tuma kama dokumenti, ni kweli ukifanya hivyo haiguswi na faili linaweza kufika hadi GB 2, lakini jaribu kufikiria watu kibao kila mmoja anamwaga mamia ya dokumenti kwenye grupu moja, halafu shangazi naye anapost salamu za Ijumaa katikati. Nani atazipanga?

Harusi ilikuwa Tanga. Ukoo wetu umetawanyika: mama mdogo na wanawe wako Muscat, upande wa bwana harusi ni watu wa Mombasa na karibu wote wana iPhone, sisi wa nyumbani tuna Samsung, Tecno na Infinix, na mjomba ana Huawei ya hizi za baada ya 2019 zisizokuja na huduma za Google. Kila mtu alikuwa anapiga. Nilichotaka mimi ni kitu kimoja, picha zote zikae sehemu moja, ziwe nzima kama zilivyotoka kwenye simu, zifuatane kwa saa, na za wanawake zisitoke nje. Hilo la mwisho kwa watu wa pwani mnalielewa, siku ya singo (ya kumsugua bi harusi) na hina watu wako vichwa wazi, wamejiachia kwa sababu wanajua wako wenyewe kwa wenyewe.

Shemeji mmoja wa Mombasa aliwahi kufungua albamu ya pamoja ya iCloud, ile hifadhi ya mtandaoni ya Apple, kabla hata hatujalala. Kwa familia yenye iPhone tupu ile kitu ni nzuri sana, haili nafasi yako ya iCloud, inabeba mpaka picha na video 5,000, unaweza kualika watu 100. Lakini kwetu sisi wa Android alichoweza kutupa ni linki ya kuangalia kwenye brauza tu. Kuangalia ndiyo, kuongeza ya kwako hapana. Kwa hiyo nusu ya harusi ilikuwa haimo.

Halafu ikaja ishu ya mama. Mama alitaka picha ya maharusi kwa ajili ya fremu ya sebuleni, upande mrefu sentimita 40. Nikashusha moja nzuri mno kutoka kwenye ile linki nikaenda nayo studio, jamaa akaikuza kwenye kompyuta akasema "dada, hii nikikuchapia kwa saizi hiyo itavunjika, utanilaumu". Kumbe albamu ya pamoja ya iCloud inapunguza kila picha mpaka pikseli 2048 upande mrefu. Piga hesabu ya uchapaji mzuri, nukta 300 kwa inchi, 2048 gawa kwa 300 unapata inchi karibu 7, yaani sentimita 17 na kitu. Hiyo ni picha ya kuweka juu ya meza, si ya ukutani. Nikampigia shemeji, nikamwambia naomba hiyohiyo lakini itoe moja kwa moja kwenye simu yako, ikaja na pikseli 4032 kwa 3024. Tukachapa, ikatoka safi kabisa, mama kaitundika juu ya kabati la vyombo. Ilikuwa shilingi elfu ishirini na ushee pamoja na fremu.

Hapo ndipo nikasema basi, albamu inahamia Google Photos, kwa sababu ile programu ipo Android ipo iPhone, na asiyekuwa nayo anafungua linki kwenye brauza. Sikutumia akaunti yangu. Nilifungua Gmail mpya kabisa ya familia, maana kila akaunti inakuja na GB 15 za bure na hizo zinagawanywa na barua pepe na Drive, ya kwangu ilishajaa mavideo ya watoto. Picha inahesabiwa kwenye nafasi ya aliyeipandisha, kwa hiyo mzigo unagawanyika wenyewe, na wale wenye akaunti zilizojaa nilichukua picha zao kwa waya nikazipandisha kwa ile ya familia.

Kwa wenye iPhone niliwaambia mambo mawili tu. Usiwashe kuhifadhi simu nzima, chagua picha za harusi peke yake uziongeze kwenye albamu, na kwenye ubora chagua Original, sio ile ya kubana nafasi. Halafu acha programu wazi kwenye skrini mpaka imalize, kwa sababu iPhone ukiitoka inasimama simama. Mmoja aliniambia imegoma tangu asubuhi, nikamuuliza umeiacha wazi? Akaiweka kwenye chaji ikiwa wazi, jioni zote zikawa zimeingia. Na bando jamani, picha nzima ni nzito, tafuta waifai. Mimi nilikuwa naenda ofisini kwa kaka yangu jioni watu wakishaondoka.

Mjomba na Huawei yake kila mtu alishamkatia tamaa, kijana mmoja wa duka la simu akamwambia auze anunue nyingine. Auze simu kwa sababu ya picha! Nikamwambia mjomba lete hapa. Nikafungua brauza yake ileile ya Huawei, nikaingia photos.google.com, akaingiza Gmail yake, tukapandisha kutokea humohumo. Taratibu lakini zilikwenda. Mama mdogo kule Muscat hata hakutaka kuingia akaunti, "mwanangu mimi hayo ya email siyajui, nipe nione tu", nikamtumia linki, akafungua akaona, akalia kwenye simu kwa furaha.

Sasa sehemu ninayojivunia. Mtoto wa mama mdogo alikuja na kamera kubwa kutoka Muscat, picha zake ndizo kali kuliko zote. Zilipoingia kwenye albamu mambo yakavurugika, bi harusi anaingia ukumbini saa tatu usiku, anakata keki, halafu katikati ya keki anaingia tena ukumbini! Watu wakaanza kusema Google imeharibu. Haijaharibu kitu. Simu ikitua nchi nyingine inajibadilisha saa yenyewe, kamera haijui umesafiri, na Muscat iko mbele ya Tanga kwa saa moja. Picha zake zote zilikuwa na saa ya Oman.

Ningeweza kumwambia rudisha saa moja nyuma tukamaliza, ila nilihisi kamera yenyewe nayo huenda haiko sawasawa. Nikatafuta tukio moja lililopigwa na simu na kamera kwa pamoja, nikapata kisu kinagusa keki, mkono wa bwana harusi uko juu ya wa bi harusi, vidole vimekaa vilevile kwenye picha zote mbili. Simu inasema saa nne na dakika 12, kamera inasema saa tano na dakika 15. Kwa hiyo tofauti ni saa moja na dakika tatu, na zile dakika tatu kwenye harusi ni nyingi, ndani ya dakika tatu keki imeshaliwa. Nikampigia yule mwenye kamera nikiwa na kalamu mkononi. Aliyepandisha ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha, kwa hiyo yeye kwenye laptop afungue Google Photos, aweke tiki kwenye picha ya kwanza ya kamera, ashikilie Shift, abofye ya mwisho, zote zinachaguliwa, kisha vidoti vitatu, kuhariri tarehe na saa. Pale kuna njia mbili, moja inazipa picha zote saa moja ileile, usiiguse hiyo, nyingine inazisogeza zote kwa kiasi sawa. Tukaweka saa sahihi ya ile picha ya kwanza, nyingine zote zikafuata. Nikaipanga albamu kuanzia ya zamani, bi harusi akaingia ukumbini mara moja tu, na mkono uleule kwenye keki ukaonekana kutoka pande mbili, picha moja baada ya nyingine. Nilipiga kelele peke yangu ofisini kwa kaka.

Za WhatsApp ambazo watu walizifowadi hazikusaidika kwa njia hiyo, saa yake ilishapotea, zilikwenda kujazana mwishoni. Kila niliyoipata nilimtafuta mwenye nayo nikamwomba aitoe upya kwenye simu iliyopiga.

Albamu ya wanawake niliifanya mbali kabisa. Linki nikaizima, kwa sababu linki ni kwamba yeyote aliye nayo anaona, hata akiipata kwa kufowadiwa. Humo nilialika mtu mmoja mmoja kwa Gmail yake, na nikazima kuonyesha eneo picha ilipopigwa, maana nyingi zilipigwa chumbani nyumbani kwa mama. Mama mdogo ikabidi hatimaye binti yake amsaidie kuingia Gmail, na aliingia.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha nacho, mtu akijitoa kwenye albamu picha alizoongeza zinaondoka naye, na akizifuta kwenye Google Photos yake zinafutika na kwenu. Kwa hiyo watu walipomaliza kuongeza niliingia na ile akaunti ya familia nikahifadhi zote kwake, nikafunga uwezo wa watu wengine kuongeza. GB 15 zilikaribia kujaa, video ndefu za ngoma nimeziweka kwenye diski ya nje. Na ile akaunti huwa naiingia mara kwa mara, Google wana haki ya kufuta akaunti isiyoguswa miaka miwili. Nakala nzima niliitoa kwa Takeout, huduma ya Google ya kushusha vitu vyako vyote, wanakutumia linki kwenye email. Ukiomba na wewe, kuwa na bando tayari, ile linki inaisha muda baada ya kama wiki.