Kwale wawili wa njia ya Kipushi

Jana binti yangu alikuwa akitafuta misumari kwenye kopo la mjomba, akatoa ganda la risasi: plastiki nyekundu iliyopauka, kitako cha shaba kimeota ukijani. Akalinusa. "Papa, mbona linanuka kama kiberiti?"

Nikalinusa na mimi. Palepale nikawa niko njia ya Kipushi, Agosti 1987.

Mnajua Agosti ya kwetu Lubumbashi. Nyasi zimechomwa, majivu yanaingia mpaka ndani ya nyumba, na huko porini miombo inaanza kuchipua majani mekundu wakati mvua bado iko mbali. Mjomba alikuwa na siku yake ya mapumziko Gécamines, kampuni ya madini. Lori lilitushusha alfajiri, tukaingia porini, mbwa mbele na njuga yake ya mti shingoni. Nilikuwa na miaka 19, na nilikuwa sijawahi kumpiga ndege akiwa hewani.

Bunduki ilikuwa ya mjomba, kalibre 12, mitutu miwili. Alinifundisha jambo moja tu: kwale wakiruka, usitazame kundi. Chagua mmoja, usimwachie macho mpaka aanguke. "Mtaka yote hukosa yote," aliniambia. Na kwa kwale ni kweli: ukipiga kundini ovyo, marisau, zile chembe za risasi, yanapita kwenye nafasi kati ya ndege na ndege.

Tulitembea sana bila kitu. Kisha, kando ya kichuguu kirefu kuliko nyumba, mahali ambapo moto ulikuwa umesaza nyasi kidogo, mbwa akasimama na njuga ikanyamaza.

Kwale haondoki mapema kama njiwa. Anajibana chini, anajibana, mpaka mguu wako unakaribia kumkanyaga. Halafu ardhi inapasuka. Waliruka wanne, mbawa zikivuma, na ile kelele yao kali ilinigonga kifuani. Nilimwona mmoja vizuri, koo jekundu, miguu mekundu imening'inia. Nikamchagua. Bunduki ikapanda begani yenyewe, nikafyatua, na manyoya yakabaki yakielea pale alipokuwa.

Hapo ndipo nilipaswa kungoja. Lakini pembeni ya jicho langu wa pili alikuwa akikizunguka kichuguu kwa kushoto, ubavu wote wazi, na kidole changu kilikuwa kimeshahamia kwenye kifyatulio cha nyuma. Risasi ililia kabla sijajiambia nipige. Nakumbuka jua likipenya kwenye ncha za mbawa zake. Nakumbuka pia kwamba sikumwona akianguka.

Kimya. Majivu yakishuka polepole.

"Wawili?" mjomba akauliza.

"Nadhani wawili, mjomba."

Wa kwanza alikuwa amelala mahali peupe. Wa pili alituhangaisha karibu saa nzima, maana bawa lilikuwa limevunjika na kwale anajua kukimbia. Mbwa alimleta akiwa hai. Mjomba alimmaliza haraka, kwa mikono yake, bila kunitazama. Kisha akawageuza miguu. Mmoja alikuwa na miiba nyuma ya kifundo. "Huyu jogoo," akasema. Akashika miguu laini ya yule mwingine, akanyamaza. Aliokota maganda yote mawili, akayatia mfukoni.

Jioni mke wa mjomba aliwapika kwa nyanya na vitunguu, tukawala na bukari, ugali wetu. Risau moja ilinikwama kwenye jino. Majirani walikuja, na mjomba akasimulia mara tatu jinsi nilivyomchagua wa kwanza, kisha nikamchagua wa pili. Alikuwa na furaha kubwa. Sikumsahihisha usiku ule, wala miaka yote iliyofuata, na sasa hayupo. Pengine mkono unaweza kuchagua kabla ya kichwa, na ndiyo maana ya kujua bunduki. Nimejaribu kuamini hivyo. Kuna siku naamini.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, ganda likiwa bado kiganjani.

"Hili ni la yule uliyemchagua?"

"Sijui, mama. Yako mawili."

Tukamwaga misumari yote mezani, tukaanza kulitafuta la pili.