Msimangu hakumuokoa mtu, na bado ndo mchungaji ninayemuamini

Nimemaliza kuirudia Cry, the Beloved Country ya Alan Paton, na safari hii aliyenishika sio mzee Kumalo wala mwanae, ni Msimangu. Kwa ambao hamjaisoma, ilitoka 1948, mwaka uleule makaburu wa National Party waliposhinda uchaguzi Afrika Kusini, na inamhusu Stephen Kumalo, mchungaji mzee wa kijiji cha Ndotsheni anayepanda treni kwenda Johannesburg kumtafuta dada yake Gertrude na kijana wake Absalom, alafu anakuja kumkuta Absalom yuko ndani, kaua mtu. Msimangu, mchungaji wa Johannesburg, ndo kamuandikia barua ya kumuita, ndo kampokea Sophiatown, mtaa wa jiji hilo, kamtafutia pa kulala kwa Mama Lithebe, na kuanzia hapo kazi yake kubwa ni kutembea. Kweli, ni kutembea tu, Alexandra, vibanda vya Orlando, shule ya kurekebisha watoto, Pimville, wanagonga mlango wanaambiwa alishahama, wanaenda mwingine.

Mi naona hapo ndo Paton alimjua mlezi wa kiroho ni nani. Maana kwenye stori ya msiba mlezi hawezi kuzuia kitu, angezuia basi hakuna msiba, kwahiyo anabaki na kazi gani? Waandishi wengi wanampa mahubiri. Msimangu anayo mahubiri pia, pale Ezenzeleni anawasomea vipofu Isaya na sauti yake inamuinua Kumalo kabisa, lakini angalia kilichotangulia. Walikuwa wametoka kuonana na binti aliyepewa mimba na Absalom, na Msimangu akapandwa na hasira, akamwambia yule mzee maneno makali kwamba hapa huna la kufanya, twende zetu. Baadae kidogo akarudi akamuomba msamaha. Sasa mchungaji anayemuomba msamaha mzee aliyevunjika, tena bila kujitetea, huyo hata akifungua Biblia nitamsikiliza.

Huku kwetu stori hii sio ya mbali. Wazee wa Rungwe na Kyela walienda migodini kwa makaburu enzi za Wenela, lile shirika lililokuwa linakusanya vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, na wapo ambao hawakurudi, kuna bibi jirani yetu pale Tukuyu mpaka leo anamtaja kaka yake aliyeondoka akiwa kijana mdogo. Bibi huyo hakuwa na Msimangu wa kumuandikia barua. Na kwenye misiba ya huku wale wazee wa kanisa ninaowaheshimu sio wanaoshika maiki, ni yule anayekuja kimyakimya anakaa kwenye mkeka na wafiwa, anauliza "mmekula?", kesho yake yupo tena, na keshokutwa watu wakishatawanyika bado yupo.

Padri Vincent nae yumo, mzungu, ndo anamwambia Kumalo kwamba huzuni ni afadhali kuliko hofu. Maneno mazito sana yale na nimeyabeba. Ila Vincent anafika mzee ameshaanguka, Msimangu alikuwepo wakati anaanguka.

Alafu pale mwisho, Msimangu anapojiandaa kuingia kwenye jumuiya ya watawa, anamkabidhi Kumalo kitabu chake cha akiba ya posta, paundi 33 na ushee, kila alichonacho. Hana hotuba ndefu. Mzee aliyemaliza pesa zake kumtafuta mwanae anapewa hela, basi.

Mdogo wangu tumebishana sana juu ya hili, yeye anasema Msimangu ameshindwa, Absalom kanyongwa, na Gertrude, aliyekuwa ameanza kusema na yeye anataka kuwa mtawa, usiku wa mwisho kabla ya kurudi kijijini akatoroka akaacha mtoto. Ni kweli yote. Lakini Kumalo anarudi Ndotsheni na yule binti mjamzito pamoja na mtoto wa Gertrude, binti ambaye kuna siku yeye mwenyewe alimhoji kwa ukatili mpaka akalia, na sasa anamuita mwanangu. Mzee aliyeshuka kwenye treni Johannesburg siku ile ya kwanza, akatapeliwa hela ya tiketi ya basi, asingeweza hilo. Kuna mtu alitembea nae katikati hapo.