Siku moja maishani mwangu: nikiijaribu baiskeli ya mwenzangu

Watu wakiniona katika Msitu wa Karura, Nairobi, katikati ya wiki, nikizunguka njia ileile mara ya sita, hudhani niko likizo. Mimi ni fundi baiskeli. Mteja akitaka kununua baiskeli ya mlimani iliyotumika, hunituma niikague kabla hajatoa pesa.

Saa 11 alfajiri: chai, mkate, begi. Pampu ya shokabu, rula, funguo, daftari.

Saa 12 na nusu: lango la Barabara ya Kiambu, mwenye baiskeli ameshafika. Ni baiskeli ya springi mbili, foki ya mbele inashuka milimita 130, gurudumu la nyuma 120, matairi ya inchi 29. Mteja yuko Nakuru, ana kilo 71 kama mimi. Nikakagua cheni, rimu na breki. Nikaiinua taratibu kwa kiti, nikisikiliza beringi za viungo vya nyuma. Kimya. Vizuri.

Ndipo nikafungua valvu ya shokabu, ile springi ya nyuma inayojazwa upepo.

"Fundi, unatoa upepo wa nini? Iko sawa hivyo!"

"Mzee, imejazwa kwa uzito wako. Atakayeipanda ni mwingine."

"Aliyekuja Jumamosi aliipanda dakika kumi tu, akaridhika."

Nikamweleza. Shokabu hii inaingia milimita 45 tu kutoka juu hadi mwisho. Mtu akikaa tuli, inatakiwa ilale kama asilimia 30, yaani 13 na kitu. Baiskeli ambayo springi zake zina mwendo mfupi haina akiba: ukijaza sana, kila mzizi unakurusha, ukipunguza sana, jiwe la kwanza linaigonga hadi mwisho. Alinisikiliza, lakini kila nilipokaa nipime alishika hendeli kunisaidia, na kipimo kikaharibika. Nikashuka, nikarudisha juu pete ya mpira inayoonyesha shokabu imelala kiasi gani, nikapanda tena. Akauliza tutamaliza lini. Akapiga simu kwa sauti. Akashika hendeli tena. Kazi ya dakika kumi ikala karibu saa nzima. Hatimaye: milimita 13. Nikaandika.

Saa 2, msituni. Ninachagua kipande kimoja: kupanda, mizizi, kona, kuteremka kuelekea mtoni. Mzunguko mmoja, badiliko moja. Ukibadilisha upepo wa tairi na kasi ya springi kurudi kwa pamoja, hutajua kilichosaidia ni kipi. Mzunguko wa tatu niliifanya springi irudi polepole zaidi kwa mbofyo mmoja, na ile mizizi iliyokuwa ikinitupa ikanyamaza. Inapanda vizuri mno baiskeli hii. Ukikanyaga, nguvu yako inafika kwenye gurudumu, haipotei kwenye springi. Niliipenda, nakiri.

Kila nikipita hapa humkumbuka Wangari Maathai. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa wakitaka kupanda miti katika msitu huu, ardhi ikiwa mikononi mwa wanyakuzi. Bila wao ningekuwa nafanyia kazi wapi?

Mzunguko wa tano, wa sita. Jua limepanda, mapaja yanawaka, udongo mwekundu umejaa kwenye soli. Saa ngapi sijui. Ila kwenye mteremko nyuma palianza kugonga, na asubuhi hapakugonga.

Nikarudi kwa mzee, nikapima upya, begi lilelile mgongoni. Milimita 17. Sikutumia geji, kwa sababu ukiunganisha pampu upepo kidogo huingia kwenye mpira wake na kukudanganya. Pete haidanganyi. Nikafuta mhimili wa shokabu kwa kitambaa. Kikatoka na mafuta. Nikapitisha kucha: mkwaruzo mwembamba, ikanasa.

"Weka kidole hapa, mzee."

Akaweka. Akakaa kimya kidogo. "Hata mimi sikujua, fundi."

Nikampigia mteja: fremu nzima, inakwenda vizuri, lakini shokabu inavuja. Usitume pesa mpaka gharama ya kuitengeneza itolewe kwenye bei. Mzee alikuwa amesimama karibu, akisikia kila neno, na akaitikia kwa kichwa.