Miti yangu kwenye daftari la vipimo

Mimi ni fundi cherehani hapa mjini Kilifi, mwaka wa 22 sasa. Kazi yenyewe ni ya kukaa. Ukishaketi saa mbili asubuhi, unainuka adhuhuri, unaswali, unakula, unarudi kwenye pedeli hadi jua lizame. Januari 2021 daktari alinipima presha, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kwa siku natembea kiasi gani. Nikamwambia natoka nyumbani hadi kibandani kwangu. "Ni mbali?" Nikanyamaza, maana ni mlango wa tatu.

Basi nikaanza kutembea kila Jumapili alfajiri. Barabara ya lami sikuiweza, matatu zinakupitia sikioni. Nikashika njia za mashambani: wiki hii navuka daraja hadi Mnarani na kushuka upande wa Takaungu, katikati ya mkonge, wiki ijayo naelekea Tezo na kupandisha hadi Ngerenya. Mwezi wa kwanza ulinichosha kweli. Nilitembea nikihesabu dakika kama mtu anayengoja matokeo. Nikirudi, mume wangu ananiuliza nimeona nini. Miti. Miti gani? Miti tu.

Jibu hilo lilinikera mwenyewe. Mimi mteja wangu namjua kwa mgongo, akiwa ng'ambo ya soko, kwa sababu bega lake moja liko juu kuliko la pili. Sasa nimepita miti ile ile mara nne na siwezi kuutaja hata mmoja! Picha nilipiga, zikajaa kwenye simu, na nikizifungua usiku naona kijani, kijani, kijani. Ndipo nikachukua daftari la vipimo, lile lile ninaloandikia kiuno na kifua cha watu, nikaamua kila mti utakaonisimamisha upate ukurasa wake.

Mteja wa kwanza alikuwa mbuyu mmoja ulio katikati ya mkonge upande wa Takaungu. Aliyepita huko anajua: mkonge umepigwa mistari kama kitambaa cha drafti, na mibuyu imesimama humo humo, haikung'olewa wakati wa kupanda. Futi yangu ya kushonea ni sentimita 150 tu. Kwa hiyo nilizunguka nikitia alama ya chaki kwenye gome, futi baada ya futi, usawa wa kifua changu, juu kidogo ya kovu la mahali watu walipovua gome la kutengenezea kamba. Kovu limejifunga vizuri, limeacha ukingo kama pindo lililoshonwa kwa mkono. Mita 11 na sentimita 38. Baadaye nilisikia kwamba hata watu wa misitu hupima usawa huo huo wa kifua, mita 1.3 kutoka chini, nikajiona nimesoma.

Kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki. "Mama, huo unaushonea nini?"

"Suruali," nikamwambia. Akacheka hadi akashindwa kuwasha pikipiki.

Niliandika: *Kiuno 11.38. Bega la upande wa bahari limeshuka. Shimo la nyuki juu kushoto.* Na chini kabisa, kwa sababu haukuwa na jani hata moja na matawi yalikaa kama mizizi iliyogeuzwa juu: *Umekufa.*

Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, kila kitu kikavu. Bahati nilitumia penseli. Mwishoni mwa Aprili, masika imeshaanza, nilipita nikakuta mti wangu uliokufa umejaa majani mapya, laini, yenye vidole vitano kama kiganja cha mtoto. Nilifuta huku nikiona haya, kana kwamba mbuyu wenyewe unanisoma. Mibuyu mingine miwili, hatua hamsini tu kutoka hapo, ilikuwa bado mitupu, na ilikaa hivyo wiki mbili zaidi. Ardhi moja, mvua moja, lakini kila mmoja na kalenda yake.

Tangu siku hiyo nikajiwekea sharti: siandiki neno la mwisho juu ya mti kabla sijauona wakati wa kaskazi, wa masika, wa kipupwe na wa vuli. Na tarehe lazima iandikwe. Hili ndilo lililonisaidia kuliko yote, maana ukiwa na tarehe unaanza kungoja. Nilikuwa sijui kwamba mti unaweza kungojewa.

Mkungu wa pale karibu na mlango wa bahari ulinitia wasiwasi bure. Majani yake mapana yalianza kuwa mekundu moja moja, kisha tawi zima, nikadhani una maradhi. Kumbe ndivyo unavyovua nguo. Jani linaiva kabisa, jekundu linaloelekea zambarau, halafu linaanguka kwa kishindo, kwa sababu ni zito kama ngozi. Watoto walikuwa chini wanapasua kungu kwa mawe wala hawana habari na majani. Msufi wa njia ya Tezo, huo niliutambua bila kuuliza: nilipita chini yake wakati wa kiangazi, maganda yamepasuka, sufi ikanishuka kichwani. Magodoro ya nyumbani kwetu yalikuwa ya sufi. Mama alikuwa akiyaanika juani siku ya Jumamosi na sisi tukipiga chafya.

Mwarubaini siuandikii ukurasa. Nasema kweli. Uko kila mahali, na ndio huo huo huku pwani tunauita pia mkilifi, kwa hiyo labda nauonea kwa kuwa ni wa nyumbani.

Shida kubwa ilikuwa majina. Mwanangu alinipakulia programu ya kutambua mimea: unapiga picha ya jani, inakupa jina. Kwa mwembe na mkorosho ilijibu vizuri, lakini hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua. Kule Ngerenya kuna mti mmoja mkubwa uliopinda katikati kama mtu anayejikuna mgongo. Huo simu ilinipa majina matatu, moja likiwa la mti wa Amerika ya Kusini. Nikaenda kwenye boma lililo jirani, nikamkuta hawe mmoja, ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwa Kigiriama, anapepeta mahindi. Nikamsalimu, nikamwonyesha mti, nikamuuliza jina.

"Walitakia nini, mwanangu? Kuni, dawa, au mlango?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nataka kuujua tu. Alinitazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na ganda nene la rangi ya kahawa, gumu kama mbao. Akalipasua. Ndani zilikuwa zimepangwa mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa, na kila moja imelala kwenye kitanda chake cheupe. Mimi nimeuza vifungo maisha yangu yote na sijaona vizuri kama hivyo. "Mbambakofi," akasema.

Mti wa milango mikubwa ya nyumba za kale! Nikamuuliza mbona umebaki peke yake. Akacheka. Iliyonyooka yote waliondoka nayo mafundi wa mbao zamani, akasema. Huu ulipinda, haukutoa ubao, ndiyo maana uko hapa.

Neno hilo nilirudi nalo njia nzima, nikaanza kufungua kurasa za nyuma. Mbuyu wangu una tumbo la uwazi na mbao zake hazifai kitu. Mkwaju wa Tezo umeachwa kwa ajili ya ukwaju wake na kivuli cha duka. Mkuyu wa bondeni watu wanauogopa, hawasemi kwa nini. Karibu kila mti ulionisimamisha ulikuwa na kasoro, tunda, au hofu fulani iliyomzuia mwenye shoka. Wanaokuja kwangu kushonewa nao ni wale ambao nguo za dukani hazikuwakaa.

Novemba, vuli, nilitaka kuona ua la mbuyu. Maua hufunguka jioni, kwa hiyo nilikuwa nikikuta tu yaliyoanguka asubuhi, yamekuwa kahawia na kuteleza kama ngozi ya ndizi. Nilimchukua mwanangu na tochi, tukafika saa kumi na moja na nusu jioni. Vitumba vilining'inia kwenye vikonyo virefu, vya mviringo, vya kijani. Jua lilipozama kimoja kilianza kupasuka kwa chini. Ukikaza macho unaona kabisa kinavyojikunjua. Maganda yalipinda nyuma, petali nyeupe zikatoka zimekunjamana kama leso iliyofinyangwa kwenye pochi, na katikati likashuka fungu la nyuzi nyembamba, brashi nzima. Harufu si ya manukato, ni ya kabichi iliyolala. Mwanangu alifunika pua. Halafu popo wakaja, kwanza mmoja, kisha sikuhesabu, wanajibandika kwenye ua kwa nukta moja na kuondoka. Wao ndio wanaouchavusha mbuyu, hiyo kabichi ni mwaliko wao.

Mwaka uliofuata, 2022, ndio mwaka mibuyu ya Kilifi iling'olewa ili ikapandwe kwenye bustani nchini Georgia. Habari zilienea, na Novemba Rais William Ruto akaagiza wizara ya mazingira ichunguze uhalali wa kibali. Mimi nilikuwa nimeshapita karibu na mmoja. Ulikuwa umekatwa matawi, umezungushiwa mtaro mrefu kunizidi kimo, mizizi imechomoza ukutani. Haukuwa mteja wangu. Nilikuwa nikiupita tu nikisema nitaupima siku nyingine. Mwenye shamba simlaumu, njaa ilikuwa kali na mahindi yamekauka mara ya tatu. Nilijilaumu mimi niliyekuwa na futi mfukoni. Nilipopita tena palikuwa na shimo, na mbuzi mmoja amelala ndani yake kutafuta baridi.

Nikawa sisubiri tena. Februari 2023, ukame bado umekaza, nilirudi kwa mbuyu wangu wa mkonge na kuupima upya, kovu lile lile, usawa ule ule. 11.31. Nilirudia mara mbili, nikapata 11.31. Januari 2024, baada ya mvua za El Niño zilizotufurisha mwishoni mwa 2023, nilipata 11.40. Mbuyu huweka maji kwenye shina, ukinyimwa unapungua na ukinyeshewa unajaa. Nilikuwa nimelisikia hilo, lakini kuliona kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, ni jambo jingine.

Mwanangu hakukubali. Anasema futi ya kitambaa huvutika, hasa ikishikwa na mikono yenye jasho, na kwamba nimeupima mti kwa mpira. Nikamwambia asimame wima. Nikampima kiuno kwa futi ile ile, nikafungua ukurasa wake wa sare ya shule ya mwaka uliopita. Yeye ndiye alikuwa ameongezeka sentimita nne.