Ninamsimulia shangazi riwaya ya kwetu

Nimerudi Pate, kisiwa chetu cha pwani ya Kenya karibu na Lamu, baada ya miaka mingi Uingereza, na kitabu kilichokuja nami mkobani ni The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor, riwaya iliyotoka 2019. Nakipenda kitabu hiki pamoja na kasoro zake, na kasoro kinazo, tena za wazi.

Boti ya kutoka Lamu kuja Mtangawanda, bandari ya Pate, hupita mkondo wa Mkanda, na Mkanda hauna haraka na mtu. Siku ninarudi tulikuta maji yamekupwa. Nahodha akazima mashine, tukakaa kati ya mikoko na magunia ya unga, mtungi wa gesi na kuku waliofungwa miguu, tukingoja maji yajae. Kitabu kinaanzia hapo hapo: Ayaana, mtoto wa miaka saba, amejificha mikokoni Pate anangoja chombo, kwa sababu wenzake wana baba na yeye hana.

Muhidin ni baharia mzee aliyerudi kisiwani baada ya miaka mingi ya kuzurura duniani. Hana damu moja na Ayaana. Urafiki wao unatangulia, ubaba unafuata, na ni mtoto mwenyewe anayemwomba awe babake. Anamfundisha vitabu, mashairi, bahari. Munira, mamake Ayaana, ni mwanamke ambaye watu wamemtenga kwa sababu ya mtoto huyo, na mwandishi hakumfanya malaika: ana kiburi, ana ukali, anampenda bintiye kwa hofu. Mimi ambaye nililelewa na shangazi sijasoma mahali pengine familia ya namna hii ikiandikwa kwa heshima kiasi hiki.

Shangazi hasomi Kiingereza, kwa hiyo baada ya isha namsimulia kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Hapo ndipo nilipokiona kitabu vizuri. Sura za Pate zinatoka mdomoni zenyewe. Nilipofika pale Muhidin anapokubali kuwa baba, shangazi aliniambia, "Rudia hapo, mwanangu," nikarudia.

Kisha Wachina wakaja. Hili lina mzizi wa kweli: watu wa Siyu, hapa hapa Pate, wana simulizi za mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi karibu na kijiji cha Shanga, zikahusishwa na safari za Zheng He, amiri wa majeshi ya bahari wa China, za karne ya 15, na mwaka 2005 msichana mmoja wa Lamu alipelekwa China kusoma. Ayaana naye anachaguliwa kama mzao wa mabaharia hao, anapandishwa meli, anafika mji wa Xiamen, China. Safari ya melini ni nzuri mno. Lakini baada ya hapo riwaya inabeba shehena kubwa kuliko chombo: ugaidi, watu wanaotoweka, siasa za mataifa, halafu Uturuki na kijana tajiri ambaye kwangu mimi hajapata kuwa mtu kamili. Lugha nayo inazidi kulemewa na sifa juu ya sifa. Nikimsimulia sura hizo najikuta naruka kurasa, na shangazi anakatiza: "Haya, na Muhidin yuko wapi?"

Swali hilo ni uhakiki tosha. Kitabu kikimwacha Muhidin na Munira nyuma kwa muda mrefu kinapwaya, kikiwarudia kinapata pumzi. Hata hivyo nisingetaka mhariri yeyote akipunguze nusu. Msichana wa Pate kupewa kurasa zote hizo, akosee, apende pasipofaa, abadilishe masomo kutoka udaktari hadi elimu ya uanamaji, na bado awe na kwao, si jambo dogo. Sisi tulioondoka wadogo tulizoea kusoma kuhusu wasichana wa mbali.

Sasa tumefika China. Uturuki nitaifupisha. Ila Ayaana atakaporudi Pate nitasimulia kila neno, maana shangazi ameshaanza kuniuliza kama mamake atampokea.