Kumbukumbu ya Beetle: mtetemo wa klachi umekwisha, na waya umebaki

Klachi imekubali. Gari linaondoka kwa gia ya kwanza bila kutetemeka, linarudi nyuma kwenye mwinuko wa geti bila kutetemeka, na pedali inarudi juu kwa ulaini ule ule mwanzo hadi mwisho. Wenye Beetle watanielewa nikisema nilizima injini nikabaki nimekaa ndani, nakanyaga na kuachia klachi, kwa raha tu.

Gari ni lile lile: Volkswagen (VW) Beetle ya 1974, injini ya 1600, klachi ya milimita 200, usukani wa kulia, na limeishi maisha yake yote hapa Tanga kwenye upepo wa chumvi. Nilikuwa nimeahidi safari hii niandike habari za kabureta na nyaya za taa za nyuma. Hizo zimesogezwa mbele. Klachi imekula kila kitu, na katikati ya vita hivyo likaniingia wazo la kuachana kabisa na waya unaovuta klachi na kufunga klachi ya mafuta, ile inayosukumwa na presha ya mafuta ya breki. Wazo hilo silijutii hata kidogo, kwa sababu ndilo lililonipeleka kwenye ugonjwa wenyewe.

Dalili kwanza. Ukiachia pedali, pale klachi inapoanza kushika, gari zima linatikisika mbele na nyuma hadi milango inagonga. Likishapata mwendo linatulia. Kwenye barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, lori likisimama mbele yako kwenye kona na ukalazimika kuondoka ukiwa mlimani, ni mateso matupu. Pleti, ile sahani ya klachi inayoshika, ilikuwa mpya. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa juu yake, ilikwenda kwa fundi wa leti ikasawazishwa. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa kavu, hakuna tone la oili lililofika kwenye pleti. Mipira inayobeba giaboksi nilibadilisha yote, ya mbele na ya nyuma. Mtetemo haukujali.

Macho yakabaki kwenye waya. Unaujua mpangilio: ndoano ya pedali, bomba lililochomelewa ndani ya mgongo wa katikati wa sakafu, kisha nyuma linafuata lile bomba linalopinda, linaegemea kwenye kibano ubavuni mwa giaboksi, halafu mkono wa klachi, ule wa kwenye giaboksi unaoiachia klachi, na nati ya mabawa. Hilo bomba linalopinda ndilo roho ya mfumo mzima, na watu wengi wanaliona kama mfuniko wa waya tu. Giaboksi imekaa juu ya mipira. Injini ikivuta, inasogea; sakafu haisogei. Bomba likiwa limenyooka, kila giaboksi inaposogea inakaza au kulegeza waya yenyewe. Yaani injini ndiyo inayokanyaga klachi, siyo mguu wako. Klachi inashika, injini inajisukuma, waya unakaza, klachi inaachia, injini inarudi, klachi inashika tena. Ndiyo maana VW wanataka bomba hilo liwe limeshuka katikati kwa milimita 25 hadi 45, na likiwa limenyooka unaongeza washa, vile vipete bapa vya chuma, pale linapoegemea kwenye kibano.

Langu nililipima. Lilikuwa limeshuka kama milimita 30, ndani kabisa ya kiwango. Nikaongeza washa hadi likakaribia 45. Mtetemo ukapungua, pedali ikawa nzito, na baada ya muda mfupi mtetemo ukarudi pale pale. Fundi mmoja mzee wa Chumbageni, ambaye namheshimu sana kwa kazi za VW, aliangalia akatikisa kichwa: "Mwanangu, hapo pako sawa. Tafuta kwingine." Nilitafuta kwingine hadi kwingine kukaisha, na hasira zikapanda kweli kweli.

Hapo ndipo shemeji akaleta Hilux yake, klachi haikati, gia zinakwaruza. Ukishikilia pedali chini inazama taratibu: mpira wa silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedali, umekwisha, mafuta yanapita pembeni. Tukabadilisha silinda ya juu na ya chini, ile inayosukuma mkono wa klachi. Kutoa upepo sikufanya kwa mtindo wa mmoja kukanyaga na mwingine kufungua nati. Nilichukua bomba kubwa la sindano, nikalijaza mafuta ya breki, nikasukuma kutoka chini kwenda juu. Hewa inapenda kupanda, basi ipandishe. Dakika chache pedali ikawa ngumu na safi. Nilipoikanyaga ile Hilux huku injini inanguruma na giaboksi inacheza kwenye mipira yake, mguu haukusikia chochote. Bomba la mpira la mafuta linapinda litakavyo, presha ndani yake haijui kama giaboksi imesogea. Nikasema, hii ndiyo dawa ya Beetle.

Kabureta ikasahauliwa siku hiyo hiyo.

Wazo lenyewe si la ajabu. VW walipotoa basi la T3 mwaka 1979, injini bado iko nyuma, waliliwekea klachi ya mafuta. Porsche 911 iliendelea na waya hadi ilipokuja giaboksi ya G50 kwa modeli ya 1987. Land Rover Series III zilizojaa mashambani kwetu zote ni za mafuta. Basi nikatafuta silinda ya juu ya milimita 15.87 na ya chini ya milimita 19.05, nikakaa na kalamu.

Hesabu yake naipenda, kwa hiyo nivumilieni. Silinda ya juu ya milimita 15.87 ina eneo la milimita za mraba 198. Ukiisukuma milimita 30 inatoa karibu sentimita 6 za ujazo za mafuta. Ya chini ya milimita 19.05 ina eneo la 285, kwa hiyo fimbo yake inatoka karibu milimita 21. Ukiweka ya chini ya milimita 22.2, inatoka 15 tu, lakini mguu unapata nafuu. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo: safari ndefu na pedali nzito, au pedali nyepesi na safari fupi. Na hapo ndipo unaona upepo unavyoua. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ikibaki kwenye mfumo wenye silinda ya milimita 19.05, inakuibia hadi milimita 3.5 za safari ya fimbo. Klachi haikati, na fundi asiyepiga hesabu anashusha giaboksi bure.

Kuna sifa nyingine ya mafuta ambayo waya hauna. Pleti ikiisha, vidole vya presha pleti, ile inayoibana pleti, vinasogea kuelekea kwenye beringi inayovisukuma ukikanyaga. Kwa waya, ule mchezo wa pedali, yaani umbali inaosogea kabla haijaanza kuvuta klachi, unapungua, na usipolegeza nati ya mabawa beringi inabaki imekandamizwa na klachi inaanza kuteleza. Kwa mafuta, pistoni ya chini inarudishwa ndani na mafuta ya ziada yanapanda kwenye kopo la mafuta kupitia tundu dogo la silinda ya juu. Inajirekebisha yenyewe. Ila fimbo ya pedali lazima iachwe na nafasi kidogo. Ukiikaza hadi mwisho, pistoni inaziba tundu hilo, mafuta yakipata moto hayana pa kwenda, klachi inateleza. Na tafadhali, mafuta ya breki peke yake. Nimeona mtu akiongeza oili ya injini kwenye kopo la klachi akiwa njiani. Mipira yote ilivimba.

Nikarudi kwenye Beetle. Ili nitengeneze kibano cha silinda ya chini ilibidi nijue mkono wa klachi unasafiri kiasi gani hasa, kwa hiyo nikalala chini na rula na taa, na mdogo wangu akakaa kwenye kiti. "Kaka, nikanyage?" Kanyaga. Mkono ukasafiri. Lakini pembeni ya jicho nikaona kitu kingine kimetembea, kitu ambacho hakina ruhusa ya kutembea.

Ncha ya bomba la chuma, pale linapotokeza nyuma ya mgongo wa sakafu, ilikuwa inaingia ndani. Pedali ikienda chini, ncha inazama karibu milimita 6. Pedali ikirudi, ncha inatoka, na kila inapotoka inamwaga unga wa kutu mwekundu kidogo juu ya mkono wangu. Rangi ilikuwa imepasuka duara zima kulizunguka. Nikamwambia aendelee kukanyaga. Lile bomba linalopinda, nililolipima kwa uangalifu wote gari likiwa limetulia, lilikuwa linabadilisha mpindo wake kila pedali inapokwenda chini. Kipimo cha milimita 30 kilikuwa cha kweli, lakini cha pedali iliyo juu tu.

Nilikodi ile kamera nyembamba ya kuchomeka kwenye simu. Kama una gari la zamani na huna kifaa hiki, kinunue kabla ya seti nyingine ya spana. Nakitetea mbele ya mtu yeyote. Niliipitisha kwenye tundu la mkono wa gia na kusogea nayo nyuma hadi nikaona mwenyewe: vishikizo viwili vya nyuma vya lile bomba la chuma la ndani ya mgongo vimeachia kwenye chomeleo, kutu tupu. Bomba lilikuwa limeshikiliwa mbele peke yake, likipinda kama upinde kila unapokanyaga. Hapo mtetemo wote ukaelezeka, pamoja na swali jingine la zamani: kwa nini waya mpya zilikuwa zinachakaa upande mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuogofya kuliko ngumu. Bomba la petroli la Beetle linapita ndani ya mgongo huo huo. Nilitoa tangi lote, nikatoa betri, nikapuliza bomba la petroli kwa kompresa, nikaliacha wazi usiku kucha, ndipo grenda ikagusa chuma. Tulikata dirisha dogo chini ya kiti cha nyuma, waya wa akselereta na wa hita tukavitoa, tukasafisha kutu hadi chuma cheupe. Kuchomelea nilimwachia fundi mwenye mashine ya gesi ya kaboni. Fimbo za umeme kwenye bati la namna ile zinatoboa, na bomba likipata tundu ndani waya unakwaruzwa hadi kukatika. Kisha rangi ya kuzuia kutu, dirisha likafungwa, waya mpya wa usukani wa kulia ukaingia na grisi ya kutosha. Nati ya mabawa nilirekebisha huku nimeshika ncha ya waya kwa plaizi ya kujifunga ili usijisokote. Mchezo wa pedali milimita 15. Bomba linalopinda, milimita 30, bila washa hata moja ya ziada.

Ncha sasa haisogei. Mdogo wangu alikanyaga mpaka akachoka, nami nimelala chini na taa, haisogei.

Kwa hiyo silinda zimebaki kwenye boksi. Kwa gari ambalo injini iko mbele, karibu na pedali, nitachagua mafuta kila siku, alimradi silinda ya chini iko nje ya giaboksi. Hizi za kisasa zilizowekwa ndani, zikizunguka shafti, zikivuja tu giaboksi inashuka, sizitaki. Kwa Beetle nabaki na waya. Wakati Tommy Fjastad anashinda Safari Rally mwaka 1962 na Beetle, klachi yake ilivutwa na waya, kwenye tope lile. Waya ukikatika Korogwe unaupata kwenye begi lako na unaufunga kando ya barabara. Mpira wa silinda ukipasuka unahitaji duka.

Kinachonisumbua sasa ni ndoano ya pedali. Imelika, jicho la waya linakaa pembeni kidogo, na ikifika siku itautema. Nahitaji seti nzima ya pedali za usukani wa kulia, hata iliyotumika, ila shafti isiwe imekwama kwa kutu. Ikipatikana naifunga kabla ya kugusa kabureta.